Kisanduku cha Hali

Marietha aliuandika mwongozo ule kwa mkono mwepesi, na hilo ndilo lililokuja kumtafuna. Laiti angehangaika nao, akaandika na kufuta, pengine angeshtuka mahali. Lakini maneno yalimjia yenyewe, na bosi wake, Stanley, akamsifia mbele za watu kwamba hajawahi kuona maelezo ya kompyuta yanayosomeka vizuri namna ile.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ofisi yao ya Ikungi, chumba cha kupanga nyuma ya duka la pembejeo, ilikabidhiwa mfumo mpya wa kuombea mbegu za alizeti kwa simu. Mkulima anajaza jina, kijiji na ukubwa wa shamba, ombi linakwenda kwa wakala, naye wakala analeta mbegu kabla ya mvua. Kabla ya kuanza kutumika, mfumo ulitakiwa ujaribiwe na wakulima wenyewe, hatua kwa hatua, kwa vidole vyao. Hatua hizo zilipangwa kwenye programu nyingine, iliyotengenezwa kwa ajili ya kuandaa majaribio na kukusanya majibu. Ilikuwa ya Kiingereza kitupu. Marietha ndiye aliyepewa kuitia Kiswahili na kuiandikia mwongozo.

Kila jaribio lilikuwa na hatua zake, kisha kile kinachotarajiwa kutokea, na mwisho kisanduku cha kujaza imekuwaje. Kisanduku hicho Marietha alikiita Hali. Kwenye mwongozo akaeleza: "Katika Hali, anza kwa kuandika Nzuri au Mbaya, kisha toa maelezo." Programu ilisoma neno la kwanza tu. Ikikuta Nzuri, inaweka alama ya kijani. Ikikuta Mbaya, nyekundu. Maelezo yanayofuata iliyahifadhi pembeni, na asiyetaka kuyafungua hakulazimishwa.

Sasa niambie, nani huku kwetu ameulizwa hali akaanza na mbaya? Mtu katoka kuzika, macho yamevimba, ukimuuliza hali anakujibu nzuri, ndipo aseme ila. Ng'ombe wamekufa zizini: nzuri, ila. Ndivyo tulivyolelewa. Na Marietha hakuwa mgeni wa kusamehewa. Alizaliwa Issuna, akakuzwa na mama yake, Agripina, ambaye hakuwa na mchezo na mtoto asiyejua kusalimia.

Wakulima wa kikundi cha Issuna wakajaribu mfumo, wakajaza majibu. Marietha alipofungua kompyuta, skrini nzima ilikuwa kijani. Alifurahi, tena alifurahi sana. Stanley akaipiga picha, akaituma kwa wakubwa, mfumo ukapitishwa.

Kule Issuna, Agripina alivimba kichwa. Aliwapitia wanakikundi nyumba kwa nyumba akiwaambia kitabu cha ule mfumo kimeandikwa na Marietha wake, kwa hiyo wasiwe na wasiwasi. Watu wakamwamini mama kwa sababu ya mtoto, wakaomba mbegu zao kwa simu. Mwaka huo mashamba yote ya kikundi yalitengwa kwa alizeti, na alizeti iliyokuwa ndani ikakamuliwa mafuta yote, mpaka ile ambayo kila mwaka huwekwa kwa kupanda. Ya nini kuiweka, na mbegu bora zinakuja?

Hazikuja. Mawingu yakaanza kukusanyika, na Agripina akapiga simu.

"Mwanangu, wakala anasema hana jina hata moja la Issuna. Hebu tuangalizie huko."

Marietha aliangalia. Kwa mara ya kwanza akafungua yale maelezo ya pembeni, akayasoma moja baada ya jingine. "Nzuri, ila ombi halijamfikia wakala." "Nzuri tu, tunashukuru, ila simu inasema kijiji chetu hakipo." "Nzuri sana mwanetu, ila tumetuma tena na tena, hakuna kitu." Walikuwa wamesema. Wote walikuwa wamesema, kwa adabu, na kwa adabu hiyo programu ikawapaka kijani.

Alimwita Stanley aje aone. Stanley akasoma, akajikuna shingo.

"Badilisha hapo," akasema. "Hali iwe Matokeo, na hiyo Nzuri iwe Imefanya Kazi. Itaingia kwenye toleo la msimu ujao."

"Na msimu huu?"

"Msimu huu mbegu zimeshagawiwa kwingine, Marietha. Hata madukani hamna. Unataka nifanyeje?"

Akabadilisha. Ilikuwa kazi ndogo kuliko kunywa chai, na alipomaliza alitamani kuitupa kompyuta nje. Hasira zake hazikuwa na pa kwenda, maana kila alipozigeuza zilimrudia yeye mwenyewe.

Kesho yake mvua ilinyesha. Marietha akapanda gari la Manyoni, akashuka Issuna. Udongo ulikuwa umelowa vizuri, ule wa kumtoa mtu kitandani bila kuamshwa, na mashambani hapakuwa na mtu. Njiani alikutana na mzee Gasto, mwenyekiti wa kikundi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hali ya Ikungi?"

"Nzuri," akajibu Marietha. Ile ila ya kufuata haikutoka. Mzee akampita bila kuisikia.

Mama yake alikuwa amekaa kizingitini, jembe limeegemea ukuta. Marietha alimwamkia, akakaa chini, akamweleza yote: kisanduku, neno la kwanza, kijani. Alilia akieleza.

"Sasa wewe ulitaka wakujibuje?" Agripina akauliza.

"Kama ni mbaya, mama, waandike mbaya."

"Kumwandikia mbaya mtu aliyewauliza hali?"

Marietha akatikisa kichwa.

"Angeandika mtu wa mbali, ningewaambia wenzangu hakutujua," Agripina alisema. "Nitawaambia nini? Mimi ndiye niliyepita nikisema wakamue. Mke wa Gasto alitaka kubakiza debe moja, nikamcheka."

"Nitakwenda kuwaambia mimi, mama. Nitawaomba radhi."

"Nenda. Watakupokea vizuri, watakupa na kiti." Alifuta uso kwa upindo wa kanga. "Na hakuna atakayekwambia ubaya. Ndiyo watu wenyewe hao."

Kisha akanyanyuka, akalichukua jembe pale ukutani, likiwa kavu na safi, na mvua ikianza tena kudondoka akaliingiza ndani.