Ruhusa ya Kumzika Mjomba

Kampuni mbili kubwa za mawakili za Dar es Salaam zilinitaka, zote za maghorofa ya vioo, zote zikitetea mabenki na migodi. Nikapanda na mikataba yao hadi Matombo, milimani Morogoro, kumuuliza mjomba Hatibu. Kwetu Waluguru ukoo ni wa mama, na mjomba ndiye aliyenisomesha kwa ndizi na karafuu zake.

Alisikiliza habari za mshahara na gari, akauliza moja tu.

"Nikifa, ipi itakuachia uje kushuka kaburini kunipokea?"

Nikapekua. Zote ziliruhusu msiba wa baba, mama, mke, mtoto na ndugu wa kuzaliwa.

"Mjomba hayumo," nikasema.

Akacheka kidogo. "Basi chagua yenye jina kubwa."

Nikachagua. Masika yaliyofuata akafariki, simu ikanikuta kikaoni. Bosi alinipa pole, kisha akasema mteja anasaini mchana ule, na mjomba si mzazi.

Si mzazi! Angeniambia basi nani alininunulia sare za shule.

Maziko ya Kiislamu hayangoji mteja. Nilipofika jioni, baba yangu alikuwa akikung'uta udongo magotini. Katika ukoo wetu baba ni kama mgeni. Kushuka kaburini ilikuwa kazi yangu, mpwa.

"Nimeshuka mimi," akasema, macho chini. "Tulikungoja, mwanangu."

Nikamtazama. Huyo ndiye ambaye kampuni ingeniruhusu kumzika.