Jina la Kukaa Mbele

Aikaeli alipunguzwa kazi mwaka 1996, shirika la umma alilolitumikia miaka kumi na tisa lilipouzwa. Alikuwa mwendesha kompyuta, mwanamke pekee katika idara nzima. Ndugu zake walimshauri arudi Machame akalime kahawa. Hakurudi. Alibaki mjini, nyumbani kwake mtaa wa Sekei, akaweka sebuleni kompyuta mbili za mtumba, akaanza kuwafundisha wanawake waliotaka kufungua biashara za teknolojia. Walifika saba. Aliyewazidi wote alikuwa Rukaiya, binti wa fundi cherehani wa Daraja Mbili.

Rukaiya alikuwa ametengeneza programu ya kampuni za utalii. Siku zile kampuni nyingi ziliandika wageni wao kwenye madaftari, na msimu ukipamba moto, hema moja liliweza kupewa makundi mawili. Programu yake ilizuia hilo. Aikaeli alipoiona ikifanya kazi alivua miwani, akaifuta, akatazama tena.

"Nani kakufundisha hii?"

"Hakuna, mama. Nilipata kitabu, nikawa najaribu."

Wakazunguka nayo mjini, ofisi kwa ofisi. Meneja mmoja aliitazama nusu saa nzima, akaipenda, kisha akauliza, "Sasa mwenyewe nitaonana naye lini?"

"Mwenyewe ni mimi," Rukaiya akajibu.

Meneja alicheka kidogo, akawaagizia chai, na hakuwatafuta tena. Ikawa vivyo hivyo katika ofisi tano.

Ndipo Aikaeli alipotoa ushauri. "Tutafute mwanamume akae mbele. Kaka yako Muzammil anajua kuongea na watu."

"Lakini mama, Muzammil hajui hata kuwasha kompyuta."

"Hahitaji kujua. Ni jina tu, mwanangu. Kampuni ikishasimama, tutalitoa."

Rukaiya alikaa na neno hilo siku mbili, kisha akakubali, kwa kuwa aliyesema ni Aikaeli. Aikaeli mwenyewe alijaza fomu za usajili: Muzammil, mkurugenzi, hisa sabini kwa mia; Rukaiya, hisa thelathini. Alimpa Muzammil hisa nyingi zaidi ili asitokee mteja wa kutia shaka.

Mambo yakafunguka. Mwaka haukwisha kabla kampuni nane hazijachukua programu ile. Muzammil alivaa suti, akapokea wageni. Dada yake alikaa chumba cha nyuma na nyaya zake, na wateja walidhani ni sekretari. Aikaeli akamtafutia Rukaiya nafasi ya mafunzo Nairobi, miezi mitatu, akamsindikiza mwenyewe hadi stendi, moyo umemjaa.

Rukaiya aliporudi alikuta kufuli geni kwenye mlango wa ofisi yao. Akachungulia dirishani: ndani hamkuwa na hata kiti. Akaenda moja kwa moja kwa kaka yake.

"Nimeuza," Muzammil alisema, bila kuinuka. "Programu, wateja, kila kitu."

"Umeuza kitu changu?"

"Kasome karatasi, Rukaiya. Kampuni ni ya nani?"

Aikaeli alipomwona Rukaiya amesimama mlangoni Sekei, bila shikamoo wala hodi, alijua jambo limeharibika.

Rukaiya na Aikaeli walikwenda mahakamani kumdai Muzammil. Baba wa Rukaiya na Muzammil, Mzee Mikidadi, alikataa kutoa ushahidi. "Mnataka nisimame mbele za watu nichague mtoto," alisema. "Siwezi." Shahidi akabaki Aikaeli. Alieleza yote, tangu siku ya kwanza. Wakili wa Muzammil akamwekea fomu mbele yake.

"Mwandiko huu ni wa nani, mama?"

"Wangu."

"Ulilazimishwa?"

"Hapana."

"Basi tuambie, siku ile uliidanganya serikali, au leo unaidanganya mahakama?"

Aikaeli alivua miwani, akaitazama fomu tena. Wakashindwa.

Wiki iliyofuata alikwenda Daraja Mbili kuomba radhi. Rukaiya alimpa kiti, akampa maji.

"Tuanze upya, mwanangu. Safari hii kwa jina lako."

"Mama, siku ile ungeniambia tu kwamba unaogopa, ningekuelewa. Wewe uliniambia ni busara."

"Niliogopa," Aikaeli akasema. "Miaka kumi na tisa pale kazini, sikuwahi kutia sahihi barua hata moja kwa jina langu. Nikadhani ndiyo njia."

Rukaiya alitazama chini. Hakumsamehe, wala hakumfukuza.

Baada ya miezi michache, kampuni iliyonunua programu ile ilishindwa kuiendesha. Wakamwita Rukaiya, wakamwajiri kama mpiga chapa. Macho ya baba yake yalikuwa yameanza kufifia, na cherehani ilikuwa imefunikwa. Rukaiya akakubali. Programu ilipokwama aliitengeneza, na sifa zikaenda kwa kijana mwenye cheo.

Kikundi cha Sekei kilipungua, wakabaki watatu. Mmoja wao, Agnela, alitaka kufungua huduma ya kuwaunganishia watu barua pepe maofisini. Akauliza, "Niandike jina la mume wangu, mama?"

"Hapana," Aikaeli alijibu upesi. "Andika lako."

Agnela akaandika lake. Akabisha hodi maofisini miezi saba. Walimsikiliza kwa heshima, wakamwagizia chai, na hakuna aliyempa kazi. Wa nane ulipoingia, akaamua kufunga, arudi sokoni alikokuwa akiuza vitenge.

Aikaeli alikwenda kumsaidia kuhamisha vitu kutoka ofisini kwake ghorofani. Agnela hakumlaumu. Wakaibeba kompyuta wawili, huku na huku, wakaiteremsha ngazi polepole wasije wakaiangusha.