Abiria wa Arobaini

Wifi yake Fundi alifika saa mbili asubuhi, amebeba kiti chake mwenyewe.

Si kwamba karakana haikuwa na viti. Vilikuwepo viwili, na kimoja kilikuwa na mto. Lakini mwanamke yule hakuwa tayari kukalia kitu cha mtu asiyempenda, basi akaja na kiti cha plastiki mkono mmoja na sanduku la mbao mkono wa pili. Kiti akakitua katikati ya mlango na meza, mahali ambapo kila anayepita lazima amkwepe, akaketi. Salamu ilifuata baadaye, tena nusu.

"Nipo hapa mpaka kazi iishe," alisema. "Sanduku hili halitoki machoni pangu."

"Karibu, wifi," alijibu Fundi, kwa sauti ya mtu anayewakaribisha mchwa.

Kabla ya kustaafu, wifi huyo alisimamia mitihani ya shule miaka ishirini na mitano, na wanafunzi walimwogopa kwa jambo moja. Alikuwa hamkemei anayeibia. Alimtazama tu, akamwacha aandike mpaka mwisho, kisha akaichukua karatasi. Sasa jicho hilohilo lilikuwa limeletwa karakanani kumsimamia mjane wa kaka yake.

Ndani ya sanduku, kila mmoja kwenye pamba yake, walilala abiria arobaini. Walikuwa sanamu za watu, kimo cha kidole cha kati, alizozichonga marehemu kwa ajili ya wapenzi wa reli za mfano: wale watu wazima wenye akili zao timamu wanaojaza chumba kizima treni za kuchezea, halafu wanakosa raha kwa sababu stesheni yao haina kuli. Marehemu aliwapa kuli. Akawapa na muuza magazeti, na bwana aliyeachwa na treni, na askari anayesinzia, na bibi anayegombana na mzigo wake. Yeye alichonga sanamu ya kwanza, ile inayozaa nyingine zote, ambayo wenyewe waliiita mama. Mkewe, ambaye kila mtu alimwita Fundi, aliizungushia mpira wa silikoni ikapatikana kalibu, kisha akamimina rezini ndani yake, plastiki ya majimaji inayoganda ikawa ngumu, akatoa nakala kwa nakala. Dada mtu alipaka rangi. Watu watatu, meza moja, na kwa miaka yote hiyo mawifi wale hawakuwahi kupatana hata juu ya dirisha lipi lifunguliwe.

Marehemu alipofariki waligawana vitu kaburi halijakauka, tena kwa hasira, na hasira haijawahi kugawa kitu vizuri. Mke akachukua kalibu, dada akachukua mama zote. Kalibu za silikoni hazina umri mrefu. Ukishazimiminia mara kadhaa huchanika kama soli ya raba kuukuu. Na mama asiye na mtu wa kumtolea nakala ni pambo la kabati. Basi abiria wakafutika madukani, na kila mmoja wa mawifi akasema moyoni, tuone nani ataanza kupiga hodi. Ikapita miaka sita.

Aliyeanza ni Fundi, baada ya kupata barua. Chama cha wapenzi wa reli za mfano kiliandika kwamba kinataka abiria warudi, lakini wote arobaini au basi, pamoja na yule wa mwisho waliyewahi kumwona pichani tu, ambaye hakuwahi kutolewa. Fundi alimeza mate machungu, akapiga simu.

Huyo wa arobaini alikuwa mwanamke aliyesimama, mkono mmoja ameuinua kama anayemwita mtu aliye mbali, mwingine umeshika mkoba. Marehemu alimmaliza wiki ileile aliyolazwa, akamwacha katika nta, asipate nafasi ya kumhamishia kwenye kitu kigumu. Nta yenyewe ilikuwa ya kahawia, inang'aa, na uso ukubwa wa punje ya dengu. Ungeumulika utakavyo, ungeona mng'ao na kile unachotaka kukiona. Fundi alitaka kujiona yeye. Katika wale thelathini na tisa, mumewe alimchonga muuza nyama wa jirani, akamchonga daktari wake wa meno, akamchonga hata mtu aliyewahi kumtapeli. Mkewe hakumchonga. "Wewe ngoja," alikuwa akimwambia, "wewe ni wa mwisho." Na siku ya mazishi wifi akamwambia mbele za watu, "Huyo wa nta si wewe. Kaka yangu alikuwa na macho."

Chama kilitaka seti yao. Fundi alitaka uso ule utoke kwenye rezini, nyeupe isiyong'aa, mahali ambapo pua ni pua na mdomo ni mdomo, ili ajue kama mtu aliyeishi naye aliwahi kumtazama.

Siku tisa walifanya kazi, na wale thelathini na tisa wakapita salama, ukiacha maneno.

"Unakoroga kama unapika uji," wifi angesema kutoka kitini.

"Isipochanganyika haigandi."

"Kaka alikuwa anakoroga polepole."

"Kaka yako hakuwahi kukoroga. Nilikuwa nakoroga mimi."

"Ndiyo maana zilikuwa na mapovu."

Akutukanaye hakuchagulii tusi, na yule hakuchagua. Leo mapovu, kesho vumbi, keshokutwa namna Fundi anavyopiga chafya. Fundi naye hakuwa malaika. Alimwambia kwamba rangi alizokuwa akipaka ziliwafanya abiria waonekane wana homa ya manjano, na kwamba mnunuzi mmoja aliwahi kuzirudisha akiogopa kuambukizwa. Halikuwa kweli, lakini lilimfurahisha siku nzima.

Siku ya kumi zamu ikamfikia mwanamke wa nta. Kalibu hufanywa nusu kwa nusu. Unamlaza abiria kwenye udongo laini mpaka katikati ya mwili, unamzungushia ukuta wa vibao, unamwaga silikoni juu. Ikiganda unageuza, unabandua udongo, unamwaga nusu ya pili. Ila kabla ya kumwaga ya pili lazima uipake ile ya kwanza mafuta ya mgando, kote, mpaka pembeni, kwa sababu silikoni haishiki kitu isipokuwa silikoni mwenzake. Ukisahau mafuta, nusu mbili zinakuwa donge moja, na aliyemo ndani amezikwa. Kosa hilo hufanywa na wanagenzi wiki ya kwanza. Huchekwa, wasilirudie maisha. Fundi alikuwa hajalifanya tangu usichana wake.

Alikuwa ameshageuza, ameshabandua udongo, mkono unalielekea kopo la mafuta, wifi aliposema, bila hata kuinua sauti:

"Umemimina watu elfu ngapi, wifi? Na tumboni mwako hakutoka hata mmoja."

Kuna maneno mtu huyajibu, na kuna mengine humwondoa hapo alipo. Fundi alitamani kumtupia ndoo. Hakumtupia. Alifanya kile ambacho mikono yake ilikijua, akavuta kopo la silikoni, akakoroga huku machozi yamemziba macho, akamwaga mpaka vibao vikajaa. Kopo la mafuta lilibaki limefungwa. Wifi alikuwa kitini, mikono mapajani, anatazama.

Asubuhi yake Fundi alibandua vibao, akaweka vidole kwenye mstari wa katikati ili azitenganishe nusu mbili, na mstari haukuwepo. Akaligeuza donge, akalikunja, akalivuta huku na huku. Donge lilikuwa donge. Chini tu, pale kitako cha sanamu kilipogusa kibao, palionekana duara dogo la nta ya kahawia.

"Vipi?" aliuliza wifi.

"Silikoni mbovu," alisema Fundi. "Imeharibika hukohuko dukani. Imeshikana."

Uongo ulimtoka kabla hajauita. Akasubiri kuvuliwa nguo. Mtu ambaye kwa siku kumi alikuwa amegombana na chafya yake, leo amepata la kusema mpaka mwezi uishe. Lakini wifi alisema tu, "Kumbe," akaokota uzi uliong'ang'ania sketi yake, akautupa. Fundi alishukuru Mungu, asijiulize zaidi.

"Basi lipasue," wifi alisema.

"Kisu kitapita na mkono. Ule mkono mwembamba kuliko njiti ya kiberiti, na nta haina mfupa."

"Kwa hiyo?"

"Tunamyeyusha. Silikoni haisumbuliwi na moto wa oveni. Nta itatokea chini, pabaki tundu lenye umbo lake. Namimina rezini humo, mara moja tu, ikiganda napasua. Rezini itastahimili kisu."

"Na nta yenyewe?"

"Itakuwa imekwenda."

"Nta aliyoishika kaka yangu."

"Mume wangu."

"Alikuwa kaka yangu hujajua hata anaishi wapi!" Wifi alisimama, kiti kikaanguka. "Umechukua nyumba, umechukua jina lake, umechukua kazi yake. Sasa unataka kuyeyusha na alama ya kidole chake? Si hii hapa, kwenye kitako, dole gumba lake! Itazame!"

Fundi hakuhitaji kuitazama. Aliijua ile alama, mistari yake na kovu lililoikata katikati.

"Basi lichukue donge lako uende nalo," alisema. "Liweke kabatini. Ukija kupata wageni uwaambie humu ndani mna mtu."

Walirushiana maneno mpaka jirani akafunga dirisha lake kwa kishindo. Aliyechoka kwanza ni wifi, jambo lisilo la kawaida yake. Alilichukua donge, akabonyeza dole gumba lake juu ya lile la kaka yake, halafu akamsukumia Fundi kifuani.

"Myeyushe."

Wakaenda jikoni. Donge likaingia oveni, kitako chini, juu ya sahani ya bati, nao wakasimama mbele ya kioo cha mlango wake, kila mmoja na upande wake. Nta ilianza kwa tone moja, ikasita, kisha ikatiririka. Mistari ya kidole ilikuwa ya kwanza kwenda. Wifi alitoa sauti ndogo kooni, na Fundi akasogea kumwachia nafasi mbele ya kioo.

Donge lilipopoa, Fundi alichanganya rezini, akaimimina kwa mkondo mwembamba kama uzi. Akaingiza waya tunduni kuyatoa mapovu, hasa upande wa mkono ulioinuliwa, akaliminya donge, akamimina tena mpaka likafurika. Walingoja nusu saa. Kisha akashika kisu, akaanza kuichana silikoni kipande kwa kipande, akiivua kama ganda la yai. Kikatoka kitako, ukatoka mkoba, ukatoka mkono mzima, vidole vyote vitano. Mwisho akautoa uso. Akashusha miwani ya kukuza kutoka kwenye paji.

Haukuwa wake.

Aliurudia, kama mtu anayelitafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. Taya pana. Midomo iliyobanwa. Na ndewe ya sikio la kushoto imechanika ikawa pande mbili. Ukoo mzima uliijua ile ndewe: marehemu akiwa na miaka miwili, amebebwa mgongoni na dada yake, aliivuta hereni mpaka ikatoka na nyama. Tangu hapo dada mtu hafungi kitambaa bila kulifunika sikio lile.

Fundi angeweza kusema uso haukutoka vizuri. Angeweza kuiangusha sanamu na kuikanyaga, na msimuliaji atakayewaambia kwamba hakulifikiria hilo ni mwongo.

"Ni wewe," alisema.

"Usinichezee."

"Ni wewe, na roho inaniuma kukwambia. Miaka kumi na minne nimelala kitanda kimoja na yule mtu, na nguvu zake za mwisho akazimalizia kwenye sikio lako. Shika."

Wifi aliivaa miwani, akaisogeza sanamu dirishani. Alitazama muda mrefu. Mkono wake ukapanda wenyewe mpaka kwenye kitambaa, ukakishika pale sikioni, ukabaki hapo.

Fundi aliona hana hasira tena ya kumtosha. Kilichobaki ni uchovu, na ule uongo wa asubuhi.

"Silikoni haikuwa mbovu," alisema. "Nilisahau mafuta. Kidogo nikuulie kitu chako, bora ulijue."

"Najua." Wifi hakugeuka. "Nilikuona hukupaka."

"Uliniona?"

"Tangu ulipofungua silikoni. Nikanyamaza. Nikasema mwache amwage, mwache azike." Aliivua miwani, akaifumbata sanamu kwa mikono miwili. "Nilidhani aliyemo ni wewe."