Mama Funguo Akatazwa Kutoka Ghalani

Asubuhi ghala lilipoanza kutumia mtambo mpya wa kompyuta, mtunza ghala, waliyemwita Mama Funguo, alikuwa amekalia katoni ya maziwa ya unga, akinywa chai kama kawaida yake. Meneja akapita mwenyewe na kidude cha kusomea alama, kikilia tii, tii kwa kila mzigo. Kilipofika kwa Mama Funguo kikalia pia.

"Bosi, hujakosea hapo?"

"Mashine haikosei, mama. Kunywa chai yako."

Jioni miguu ikamgomea getini. Haikuuma, ilikataa tu, kama punda. Mlinzi akatazama skrini.

"Dada, wewe ni maziwa. Huna kibali cha kutoka."

"Maziwa yanavaa viatu?"

"Usinigombeze mimi, gombana na skrini."

Akarudi ndani, akatandika maboksi, akalala. Lakini binti yake alikuwa na mimba ya kujifungua wakati wowote, na nani mwingine wa kumpokelea mtoto? Kulipokucha akamwomba meneja amfute.

"Nikikufuta, hesabu haitalingana," meneja akajibu, macho yake yakiwa ukutani.

Mama Funguo akarudi kwenye katoni yake. Zamani katoni ikipungua, alikuwa akiuliza. Sasa gari la meneja lilirudi kinyumenyume hadi mlango wa nyuma, likaondoka limelemewa, na skrini ikasema maziwa yapo. Kweli yalikuwepo, yanakunywa chai. Aliuliza, lakini nani husikiliza katoni?

Mtoto akazaliwa bila bibi yake. Binti akamleta getini, wakaonana kwenye upenyo wa vyuma. Mtoto akasikia harufu ya maziwa, akamgeuzia bibi mdomo.

"Wamekuandika nini, mama?"

"Maziwa ya unga, mwanangu."

"Basi ngoja nikuagize."

Akaenda duka la mtaani kwao, akaagiza katoni moja. Ghalani walitafuta, wakakuta iliyobaki ni Mama Funguo peke yake. Wakampakia kwenye lori kati ya sabuni na viberiti. Dukani binti akasaini, akamkabidhi mama yake mjukuu, wakaenda nyumbani.

Siku ya pili meneja alifika getini mapema na kidude chake mkononi. Akamsabahi mlinzi kwa uchangamfu ambao hakuwahi kuwa nao, akamuuliza hadi hali ya watoto. Tii.

Jioni mlinzi alivaa koti lake la kwendea nyumbani, miguu ikamgomea, akakaa chini. Alikuwa ameanza kunukia sukari.