Msamiati wa Mwanamina

Mwalimu Winifrida alikuwa na sheria moja kwenye kipindi cha riwaya: neno jipya halilali kitabuni. Ukilikuta leo, uondoke nalo, ulitumie nyumbani, kesho uje useme ulimwambia nani na alikujibu nini. Wanafunzi wengi wa kidato cha tatu walikuwa waongo wasio na haya. Majibu waliyatunga njiani wakija shule. Zaitun hakuwa na haja ya kutunga. Kwao alikuwapo mama yake, Mwanamina, na Mwanamina alilipokea neno jipya kama mgeni wa Idi.

Mwanamina alikuwa akiuza vitumbua stendi ya Kibiti. Mumewe, Badru, alikwenda Ngorongo kulima, akapata huko mke mdogo na akasahau njia ya kurudi, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya mama na binti. Jioni akiosha mchele wa kuloweka, Mwanamina angeanza: "Haya, leo wamekupeni lipi?" Zaitun angelitaja neno na kueleza maana yake, na mama angelirudia mdomoni mpaka lizoee. Kesho yake neno lilikuwa stendi, linafanya kazi.

Siku alipopata "staftahi," basi la Lindi liliposimama na wenzake wakapiga kelele za vitumbua vya moto, yeye aliita, "Karibuni staftahi, abiria wangu!" Watu wakadhani ni chakula kigeni, wakanunua. "Inadi" akaipa pikipiki ya jirani yao Mfaume, iliyokuwa haiwaki asubuhi mpaka ibembelezwe. "Bughudha" akaupa moshi wa makaa mabichi. Lakini kipenzi chake kilikuwa "taharuki." Hiyo aliiweka popote: kwenye unga uliogoma kuumuka, kwenye mvua, hata kwenye chumvi ikizidi. Mara ilikaa sawasawa, mara ilikaa upande, na Zaitun alicheka mpaka akashika mbavu. Nyumba ile haikuwa na redio wala haikuihitaji.

Basi kikaja kikao cha wazazi. Mwanamina alivaa baibui lake la harusi, akakaa mstari wa mbele, na walipoulizwa kama kuna mwenye neno, akasimama. Wanafunzi walikuwa wamejazana madirishani. "Mwalimu mkuu," alisema, "choo cha wasichana hakina mlango. Watoto wetu wanaingia kwa taharuki, wanatoka kwa bughudha, na hata staftahi haiwashuki." Hoja ilikuwa ya haki kabisa, na mlango ulikuja kutiwa. Lakini madirishani palilipuka kicheko, na tangu siku ile Zaitun akawa "Mtoto wa Taharuki." Akipita kwenye korido, anaitwa. Akisimama kujibu swali, mtu anakohoa jina hilo nyuma.

Umri wa Zaitun ni umri wa kuona aibu, tusimlaumu kupita kiasi. Lakini alichokisema jioni ile kilikuwa kikali. "Mama, maneno yale si yako. Ni ya shule. Ukiyasema unanifanya nichekwe na watu. Yaache."

Mwanamina alikuwa anapepeta mchele. Ungo ulisimama kidogo, kisha ukaendelea. "Haya, mwanangu. Nimeyaacha."

Na kweli akayaacha. Moshi ukawa moshi tu, na chumvi ikizidi alisema imezidi. Jioni aliosha mchele wake kimya, akauliza tu kama mwanawe ameshiba. Zaitun alitaka kumwambia yaishe, yatumie tu Mama, nimekosa, lakini maneno ya kuomba radhi yana uzito wake, na kila jioni aliyapeleka mbele hadi jioni inayofuata. Alidhani mama ni wa kila siku. Nani kati yetu hadhani hivyo?

Mwanamina alianguka jikoni kabla jua halijapanda, kijiko cha kugeuzia vitumbua kikiwa mkononi. Presha. Mfaume alimpakia kwenye pikipiki, Zaitun nyuma amemshikilia, na siku hiyo pikipiki iliwaka mara moja. Haikusaidia. Walipofika zahanati alikuwa ameshatangulia. Alasiri alizikwa, Mungu amrehemu.

Zaitun hakulia. Wanawake walimkumbatia, wakamwambia lia mwanangu, lia upate nafuu, akabaki mkavu. Kitu kimoja tu kilimzunguka kichwani: mama alikufa akiwa amenyang'anywa maneno, na mnyang'anyi ni yeye.

Siku ya kuondoa tanga, ua ulijaa watu wa Kibiti na jamaa kutoka Mahege. Masufuria ya wali yalikuwa jikoni, na Mwalimu Winifrida, mtu wa bara, alikuwa amekaa mkekani na kanga kichwani kama wenzake. Hapo ndipo Bi Mwamvua alipoingia. Bi Mwamvua aliuza chai stendi, ubavuni mwa Mwanamina, na alikuwa mtani wa ukoo wake tangu enzi za mababu. Msiba wa mtani una haki zake: mtani humwiga marehemu, humcheza na kumkejeli, na hakuna wa kumkasirikia. Bila hivyo wafiwa wangezama.

Alikuwa amejifunga kanga ya Mwanamina na kushika kikaango chake cha vitumbua. Alitembea kwa kuvuta mguu wa kushoto, akashika kiuno vilevile, akapaza sauti ileile: "Karibuni staftahi, abiria wangu!" Ua mzima uliangua kicheko, na machozi yakiwemo. Mwalimu Winifrida alishtuka, akatazama huku na huku, bibi mmoja akamnong'oneza kwamba ni utani tu. Zaitun aliinua kichwa. Ilikuwa sauti ya mama.

"Nyie! Makaa haya yana bughudha kama mawifi!" Wakacheka tena. Kisha Bi Mwamvua aliinama, akachungulia kushoto na kulia mithili ya mwizi wa kuku, akamkonyeza Mwalimu Winifrida. "Mwalimu, sogea huku nyuma ya jiko. Jana umewasomesha lipi? Sema polepole, bwana, Zaitun wangu asisikie. Kanikataza." Akatega sikio. "Ati fadhaa? Ndiyo kuchanganyikiwa kwa majonzi? Ee! Hiyo ninayo siku nyingi, jina lake tu ndilo sikulijua."

Watu walicheka mpaka wengine wakalala mkekani. Zaitun alisimama.

Fadhaa lilikuwa katika sura walizosoma majuzi. Hakulileta nyumbani. Alimgeukia mwalimu wake, na Mwalimu Winifrida akainamisha kichwa. "Kila asubuhi nikinunua vitumbua alikuwa ananiuliza," alisema taratibu. "Alisema hapendi kukuaibisha, ila hapendi kubaki nyuma. Siku ukimruhusu tena, awe sawa na wewe."

Ndipo Zaitun alipolia. Alilia kwa sauti ambayo hakujua anayo, akavuka mkeka, akapiga magoti mbele ya Bi Mwamvua na kuishika ile kanga kwa mikono miwili. "Yatumie, Mama. Yatumie yote. Ni yako."

Kicheko kilikatika. Mtani ana ruhusa ya kila kitu msibani isipokuwa kulia, na Bi Mwamvua, gwiji wa misiba ya Kibiti nzima, alianza kutetemeka mdomo. Aliweka kikaango chini, akaanza kufungua fundo la kanga ili mchezo uishe.

"Usiivue," Zaitun alimsihi. "Usiivue kwanza, bibi. Sema jingine. Sema kama yeye, moja tu."

Bi Mwamvua alifumba macho kutafuta. Alipoyafumbua, alikaa chini palepale vumbini, akamvuta binti kifuani, akasema kwa sauti yake mwenyewe:

"Nimeishiwa, mwanangu. Niliyoyasikia nimeyasema yote. Mengine kaenda nayo."