Kilo za Bega

Langoni mizigo ilianza kupimwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijafika kwenye paa la bati la ofisi. Mizani ilining'inia kwenye boriti kwa mnyororo, na chini yake kulikuwa na ndoana. Mpagazi alitundika mzigo, karani akatazama mshale, akaandika. Sheria ya mlima ilikuwa kilo ishirini kwa kila mpagazi, isizidi hata moja. Kwa hiyo kila mzigo ulipotundikwa, mkuu wa msafara alisogea nyuma yake kama anayekagua kamba, akauinua kidogo kwa bega la kulia, na mshale ukarudi ukatulia kwenye ishirini. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na moja, ndiyo maana wapagazi walimwita Bega. Wageni walidhani ni kwa ajili ya nguvu zake. Msafara uliohitaji wapagazi ishirini ulikwenda na kumi na watatu, na kampuni ilimtunza Bega kama mboni ya jicho. Mpagazi aliyefungua mdomo alimwaga unga siku hiyo hiyo.

Mwisho wa foleni alisimama mwanamke. Wapagazi wote walimwita Shemeji, kwa kuwa mumewe alikuwa mwenzao kwa miaka tisa, mpaka mwaka jana alipoketi kwenye jiwe karibu na Mwanya, pale njia inapopenya kati ya vilele viwili, apumzike kidogo, asiinuke tena. Ripoti ya kampuni ilisema moyo wa marehemu ulikuwa dhaifu na mzigo wake ulikuwa kilo ishirini. Shemeji aliisoma mara moja, akaikunja, akaiweka chini ya godoro na kuilalia mwaka mzima.

Habari ya moyo hakuwa na ugomvi nayo. Kilichomuuma roho ni ile ishirini. Mumewe kila aliporudi safari alivua viatu mlangoni na kutaja uzito wa kweli kabla hata ya kuomba maji: thelathini na moja, ishirini na nane, thelathini na tatu. Mgongo wake haukukosea. Shemeji alizihifadhi zote kichwani, safari arobaini na sita. Ya arobaini na saba hakuijua, maana mwenye kuitaja hakurudi. Alibaki mtu mmoja tu aliyeujua uzito ule, kwa sababu aliuinua kwa bega lake, na Shemeji aliomba kazi kwenye kampuni ileile ili amsikie akiutaja kwa mdomo wake mwenyewe.

"Shemeji, huu utauweza kweli?" Bega alimuuliza mbele ya mizani.

"Niinulie kama unavyowainulia wenzangu."

Aliinua. Karani akaandika ishirini. Zilikuwa hema mbili na mtungi wa gesi, kilo thelathini na mbili, na kamba zilianza kumkata mabegani kabla hajamaliza kupanda ngazi za langoni.

Siku ya Mwanya ndiyo ndefu kuliko zote. Ni saa tisa za kupanda bila pa kujificha jua wala upepo, na baada ya saa tatu za mwanzo hewa inakuwa haba, mtu anahema kama aliyekimbizwa hata akiwa amesimama. Kwa kawaida wapagazi huwapita wageni mapema ili wakapige kambi upande wa pili. Shemeji hakuwapita. Alitembea nyuma ya Bega, hatua nne tu, na wageni sita walimfuata yeye.

Njia ilipoacha majani na kuingia kwenye mawe, alitaja namba ya kwanza. Hakupaza sauti.

"Ishirini na saba," alisema, na zile saba zilizozidi zikamwendea aliyezificha.

Bega aliyumba kidogo, akavuta mikanda ya begi lake dogo, ambamo mlikuwa na koti, chupa ya maji na redio ya mawasiliano.

"Thelathini na moja," Shemeji alisema walipofika kwenye kona, na Bega akaongezeka kilo kumi na moja. Fimbo yake ya kutembelea ikapinda, akaitupa. Kwenye daraja la magogo gogo moja likavunjika chini yake, akatokea ng'ambo akiwa amelowa hadi magotini, na wageni wakapita kwenye magogo yaliyobaki. Hakugeuka nyuma. Alijua ni nani na ni kwa nini, na alidhani atafika Mwanya kabla namba hazijaisha.

Kufikia safari ya ishirini alikuwa na uzito wa ng'ombe mzima, na bado alipanda, hilo hakuna anayeweza kumnyima. Mgeni mmoja, mhandisi mstaafu, aliziangalia nyayo zake zilizozama shubiri nzima ardhini, akasema udongo wa huku ni laini. Mwenzake akamwambia anywe maji zaidi.

Saa sita, mpishi aliwapita na sufuria zake mgongoni. Alipunguza mwendo akamtazama Bega.

"Mkuu, leo umeamkia ubavu gani?"

"Mwambie huyu mwanamke anyamaze."

Mpishi alimtazama Shemeji, akawaza kidogo. "Mimi ile safari ya mvua ya mawe nilikuwa thelathini na nne," akasema, akaendelea na safari yake. Wapagazi waliomfuata nao walitaja zao walipokuwa wakipita, kila mtu kwa sauti ya kuaga. Thelathini. Ishirini na tisa. Thelathini na sita, ile siku ya majenereta. Msaidizi wa Bega alikuwepo, akasikia zote, akajifanya anafunga kamba za viatu.

Saa nane mchana walikanyaga mteremko wa kokoto chini ya Mwanya. Hapo hata mtu mwepesi hupanda hatua mbili akarudi moja. Bega alizama hadi magotini, akang'oa mguu mmoja, akazama hadi mapajani. Jiwe alilokalia marehemu lilikuwa karibu, angeweza kuliegemea, lakini alipoliegemea likapasuka, akazama hadi kiunoni. Shemeji alitua mzigo wake. Alifurahi, na hakujisumbua kuficha furaha hiyo.

"Shemeji, mimi nilifuata maagizo ya ofisini."

"Najua. Lakini ofisi haina bega. Ilikuwa ngapi?"

"Ngapi nini?"

"Usinichoshe. Nina hema za watu hapa."

Bega aliangalia juu. Wapagazi watano walisimama hatua chache juu yao, mikono imeshika mikanda ya mizigo, wala hakuna aliyeshuka.

"Nikikwambia mtanichimbua?"

"Sema kwanza."

Alitazama bonde lote alilolipanda, akatazama kokoto kiunoni mwake.

"Thelathini na tisa," alisema. "Aliniambia kichwa kinampasuka. Nilimwambia amalize kupanda kwanza, atapumzika kambini."

Zile kumi na tisa zikashuka zote kwa mara moja, na Bega akazama hadi kifuani. Shemeji alirudia namba hiyo kimoyomoyo ili isipotee. Alikuwa ameshinda na thelathini na mbili mgongoni tangu asubuhi, kwa hiyo aliweza kuongeza saba kichwani mwake na kujua mumewe alivyokuwa anasikia, kwenye shingo, kwenye magoti, nyuma ya macho. Alitaka kulia, ila hasira ilikuwa imemkausha.

"Asante, Bega," akasema, akajitwika mzigo.

Msaidizi aliamuru wachimbe, na walichimba kweli kwa nusu saa, lakini kila walichotoa kilirudi. Walimfunga kamba, wakavuta watu kumi, kamba ikakatika. Msaidizi akachukua redio ya Bega, akaita ofisi. Ofisi iliuliza kama wageni wako salama. Alipojibu kwamba wako salama, akaambiwa aendelee na ratiba. Mhandisi alimwachia Bega kipande cha chokoleti na miwani ya jua.

Msaidizi alipandishwa cheo wiki hiyo. Ni mfupi, kwa hiyo langoni yeye hutumia kichwa, na mshale hutulia kwenye ishirini vilevile. Shemeji alimwendea karani amrekebishie daftari la mwaka jana, aweke thelathini na tisa. Karani alifungua ukurasa, akauangalia kwa huruma.

"Shemeji, hapa nilishaandika kwa wino," akasema, akalifunga daftari.

Bega bado yuko pale. Njia imehamishwa hatua chache kushoto kumpisha, na wageni wakipita humsalimu. Kampuni humpelekea unga, maharage, mafuta ya taa na nguo za baridi kila msafara, kilo saba hivi, na kwa kuwa hayumo kwenye orodha yoyote, kilo hizo hazina pa kuandikwa. Huongezwa juu ya mzigo wa mpagazi mmojawapo. Wengine huzikwepa. Shemeji huziomba.

Asubuhi moja mpishi alimkuta langoni akizifunga juu ya mtungi wa gesi, amepiga goti, jasho linamtoka kabla safari haijaanza.

"Shemeji, hebu niambie. Mzigo wote huo kwa ajili ya yule? Si umwache tu baridi immalize?"

"Immalize?" Shemeji alivuta fundo kwa meno. "Akifa atapumzika, shemeji yangu. Mimi namtaka azeeke palepale."

Kisha akamuuliza kama hana soksi za sufu za ziada, maana juu baridi imezidi mwezi huu.