Ufa Uliopelekwa Ofisini

Jumatatu moja ya Aprili 1968, kabla ya saa nne, Alfayo Ombui alifika kwenye ofisi ya bwana shamba akiwa amebeba ufa begani. Aliufuta matope, akauegemeza ukutani, akakaa kwenye benchi nyuma ya mwanamke mwenye kuku mgonjwa.

Angefanyaje? Mara mbili alikuja kusema kwamba kilima kilicho nyuma ya nyumba yake, upande wa Ikonge, kimepasuka, na mara mbili bwana shamba huyo, Machogu, alimjibu, "Mzee, gari halina mafuta. Kama ufa upo, ulete niuone." Basi asubuhi ile yeye na mkewe Bonareri waliukunja kama mkeka, kila mmoja na ncha yake, wakaufunga kwa kamba ya mgomba.

Machogu aliukunjua uani, akaupima. Hatua arobaini na mbili. Aliingiza mkono, ukazama mpaka kwapani.

"Ni ufa kweli," akasema.

"Basi tuchimbe tena ule mtaro wa juu, bwana. Tindiga, kile kinamasi cha kule kileleni, imejaa, maji hayana pa kupita. Zamani mtaro uliyapeleka mtoni. Ni nyinyi mliotuambia tuufukie, tukate na miti, tupande chai."

"Mtaro ni kazi ya mkoloni. Unataka kuchapwa viboko tena?" Karani wake akacheka, Machogu akaendelea: "Na nani alikupa ruhusa ya kung'oa ufa? Urudishe ulipoutoa, uunyooshe vile vile. Kamati itaukagua Juni."

"Mvua imeshaanza."

"Serikali ni yako sasa, Mzee. Iamini."

Akaiamini. Kosa lake lilikuwa hilo, na halikuwa dogo.

Bonareri alipomwona akirudi na mzigo ule ule, alishika kiuno. "Baba Nyanchama, si uuweke darini tu? Nani atajua?"

"Ofisi imesema."

Wakaurudisha. Bonareri alizilainisha kingo zake kwa kiganja, kama anayemtandikia mgeni. Mvua ilinyesha siku tatu, ikaingia yote mle ndani. Alhamisi, Alfayo akiwa kituoni kupimisha majani ya chai, kilima kilishuka, kikaondoka na jiko, Bonareri akiwa ndani anamenya ndizi.

Kamati ilikuja Juni, gari likiwa na mafuta. Waliutafuta ufa wasiuone, kwa sababu kilima chenyewe hakikuwepo. Wakaandika kwamba ufa uliolalamikiwa haupo, wakampa Alfayo mkono, wakamwachia miche ya chai aipande pale palipobaki wazi.

Kufikia 1971 nyufa zilikuwa zimezidi vilimani. Kila Jumatatu watu walipanga foleni pale ofisini na mizigo yao ya nyufa, zikapimwa, wakaambiwa wazirudishe. Alfayo alikaa ng'ambo ya barabara, akimwambia kila aliyetoka, "Usirudishe. Mimi nilirudisha."

"Ofisi imesema, Mzee," walimjibu kwa heshima, wakahamishia mzigo bega la pili, wakaanza kupanda kwenda nyumbani.